Kuku wa Maskini

Wazee wa pwani walikuwa na methali hii: «Kuku wa maskini hatagi, akitaga haangui, akiangua, huchukuliwa na mwewe.» Hapa kwetu Bunia, ni nani asiyeijua huzuni hiyo? Mama hufuga kuku wanne au watano, akitumaini kuwauza wakati wa kufungua shule. Ni kweli, tangu mwaka 2019 shule za msingi za serikali zilitangazwa kuwa za bure; lakini sekondari ina karo yake, wala daftari na sare haziji bure. Siku ya kulipa inafika, na banda ni tupu. Je, hiyo ni bahati mbaya? Sisi twasema sivyo. Mambo matatu ya methali ile yana dawa zake.

La kwanza ni kutaga. Kuku aachwaye ajitafutie riziki hupata majani, wadudu na makombo, nayo hayamtoshi. Mahindi na mihogo humtia nguvu, lakini yai haliumbwi kwa wanga peke yake. Lataka chakula cha kujenga mwili, na chokaa kwa gamba. Ziwa Albert li karibu: dagaa wa Kasenyi na Tchomia, hata vichwa vyao na vumbi libakilo guniani, wakitwangwa na kuchanganywa na pumba za mahindi, ni chakula chema. Soya nayo yafaa, lakini sharti ikaangwe kwanza, kwani soya mbichi huzuia chakula kisisagike tumboni. Maganda ya mayai yachomeni, kisha myaponde. Asiye na fedha atumie mchwa: ajaze chungu kikuukuu nyasi kavu zilizoloweshwa kidogo, akifudikize jioni juu ya njia yao, na akifunue baada ya siku moja au mbili. Maji safi yawepo kila siku. Lakini jihadharini: mahindi na karanga zilizoota ukungu huwa na sumu. Msiwape kuku, wala msile ninyi wenyewe.

La pili ni kuangua. Mpeni kuku mayai 10 au 12, mapya, yasiyo na ufa. Kiota kiwe mahali pa kivuli na utulivu, chakula na maji karibu naye, maana ataatamia siku 21. Wengi hudhani kazi imekwisha vifaranga wakitoka. La, ndipo inapoanza! Mji wetu u juu, zaidi ya meta 1,200, na usiku una baridi. Kwa majuma manne ya kwanza msiwaache wazurure uani. Wafunikeni pamoja na mama yao chini ya tenga, wapate joto, na wale chakula chao pasipo kunyang'anywa na wakubwa.

La tatu ni mwewe. Yule arukaye angani twamwona. Lakini yuko mwingine asiyeonekana, ndio ugonjwa wa Newcastle, ambao wengine huuita kideri au mdondo. Ulitambuliwa mwaka 1926 kisiwani Java na mjini Newcastle, Uingereza, ndiko ulikopata jina. Kuku huhara kijani, huhema kwa shida, hupinda shingo, na kwa siku chache banda zima laweza kwisha. Hauna dawa ya kuuponya. Una chanjo ya kuuzuia, wapewayo kuku wazima tu. Iko chanjo iitwayo I-2, ivumiliayo joto kuliko nyingine nyingi: tone moja jichoni, na kurudia kila miezi minne. Mwulizeni mganga wa mifugo ni ipi ipatikanayo kwenu.

Mtasema: «Chupa moja hutosha kuku mia na zaidi, nami ninao watano!» Hapo ndipo penye neno letu. Ugonjwa huu haujui ua la jirani. Hutembea kwa nyayo zetu, na kwa kuku wa sokoni. Anayefuga peke yake hafugi salama. Nyumba kumi na zichange, ziweke siku moja, zichanje pamoja. Kuku mgeni atengwe majuma mawili. Aliyekufa kwa ugonjwa azikwe au achomwe. Na mtu asiuze kuku mgonjwa: kwa kuokoa bei ya mmoja, ataua kuku wa mtaa mzima.

Tangu mwisho wa mwaka 2017 familia nyingi za Djugu zimekimbilia Bunia mikono mitupu. Kwa aliyepoteza shamba na ng'ombe, kuku ni mali ya kwanza awezayo kuirudisha. Wao pia wahesabiwe katika nyumba kumi zile. Basi, kabla ya kununua kuku wa sita, mama mmoja katika kila mtaa na abishe hodi kwa majirani zake tisa.