Askari wa Bure na Dawa ya Fischer

Mchezaji wa drafti akiwekewa kete mdomoni hana hiari. Sheria humlazimu kula, hata akijua kwamba ametegwa. Katika sataranji hiari ipo, na hapo ndipo matata huanza. Je, adui akikutupia askari wake bure, umle au umwache?

Swali hili ndilo kiini cha ufunguzi wa kale uitwao Kafara ya Mfalme. Nyeupe husogeza askari wa mbele ya mfalme vyumba viwili, na Nyeusi hujibu vivyo hivyo. Mara Nyeupe humsukuma askari wa jirani, yule wa upande wa pili wa malkia, akaliwe. Akiliwa, Nyeupe hutarajia kutawala katikati ya ubao na kumvamia mfalme wa adui mapema.

Mwaka 1960, mjini Mar del Plata, Ajentina, Boris Spassky wa Urusi alimtegea mtego huo Bobby Fischer, kijana Mmarekani wa miaka 17. Fischer alimla askari, akamlinda kwa askari mwingine, kisha akamfukuza farasi wa Spassky. Farasi huyo hakurudi nyuma, bali aliruka mbele hadi katikati. Mwishowe Fischer alishindwa, ijapokuwa wote wawili walimaliza mashindano wakiwa sawa kileleni, kila mmoja na pointi 13 na nusu kati ya 15.

Fischer hakuwa mtu wa kumeza kushindwa kimyakimya. Mwaka 1961 aliandika makala akidai kwamba Kafara ya Mfalme imekwisha. Na dawa yake ilikuwa nini? Hatua moja ndogo: farasi wa Nyeupe akishatoka, Nyeusi amsogeze askari wa mbele ya malkia chumba kimoja tu. Kwa macho ya wengi ni hatua ya uvivu. Lakini askari huyo hulinda kile chumba ambacho farasi wa Spassky alirukia. Sasa farasi akifukuzwa hana pa kukimbilia mbele. Mara nyingi hurudi kwao alikotoka.

Hata hivyo, dawa hii ina uchungu wake. Askari wa Nyeusi wa upande wa mfalme hubaki wametawanyika mbele, na mfalme wao hukosa ukuta imara.

Tena Fischer mwenyewe hakuuzika ufunguzi huo. Katika mashindano ya ubingwa wa Marekani ya 1963 hadi 1964 aliutumia akiwa na kete nyeupe dhidi ya Larry Evans, ila alimtoa askofu kwanza badala ya farasi. Alishinda mchezo huo, na mingine yote 10.

Hivyo basi, msomaji, ukitupiwa cha bure usikimbilie kula wala kukimbia. Tazama kwanza farasi atarukia wapi.