Utando wa Msingi na Ujenzi wa Figo

Figo za mtu mzima huchuja takriban lita 180 za majimaji ya damu kila siku, na karibu zote hurudishwa mwilini. Kazi hiyo hufanyika katika vichujio vidogo mno, wastani wa milioni moja katika kila figo. Ndani ya kila kichujio, damu hutengwa na mkojo kwa utando ambao unene wake haufikii nusu ya sehemu moja ya elfu ya milimita. Utando huo hauna seli. Umefumwa kwa protini, nao ni mmoja katika jamii ya tando za msingi, ambazo hutandazwa chini ya ngozi na kuzizunguka seli za misuli na mishipa ya damu.

Kwa muda mrefu utando wa msingi ulihesabiwa kuwa sakafu tu ya kukalia seli. Fikra hiyo haikudumu. Protini zake kuu ni mbili. Kolajeni ya aina ya nne ni minyororo mitatu iliyosokotwa pamoja kama kamba, na kamba hizo huungana kuwa wavu. Laminini, iliyoelezwa mwaka 1979 na Rupert Timpl na wenzake baada ya kuitenga kutoka katika uvimbe wa panya, ina umbo la msalaba: mikono mifupi hushikana na laminini nyingine, na ncha ya mkono mrefu hushikwa na seli.

Katika kiinitete cha binadamu, figo ya kudumu huanza kujengwa katika wiki ya tano. Chipukizi la mrija hupenya katika tishu changa iliyo jirani, na tishu hiyo hulipelekea ujumbe wa kemikali ili likue na kutoa matawi. Ujumbe huo hautolewi ipasavyo mpaka seli za tishu ziguse nefronektini, protini iliyomo katika utando wa msingi wa chipukizi. Mwaka 2007 ilionyeshwa kwamba panya wasio na nefronektini mara nyingi huzaliwa bila figo au wakiwa na figo duni.

Hatua ifuatayo ni ya ajabu zaidi. Seli zilizotawanyika hukusanyika, zikajipanga safu moja na kuwa mrija. Je, seli hujuaje upande wake wa chini? Mwaka 1988 Gerd Klein, Peter Ekblom na wenzao walikuza figo changa za panya nje ya mwili, wakatia kingamwili zinazofunika ncha ya mkono mrefu wa laminini. Seli zilishindwa kujipanga.

Kisha kichujio chenyewe hujengwa. Tando mbili, mmoja wa mshipa wa damu na mwingine wa seli za kichujio, huungana kuwa mmoja, na protini zake hubadilishwa. Laminini ya awali hupisha nyingine, nayo hupisha ya tatu. Kolajeni yenye minyororo ya kwanza na ya pili hupisha ile yenye minyororo ya tatu, ya nne na ya tano, ambayo vifungo vyake ni vingi na imara zaidi. Ni kama fundi anayeubadili ukuta wa udongo kuwa wa mawe huku watu wakiishi ndani ya nyumba.

Badiliko la laminini likikosekana, mtoto huzaliwa akipoteza protini nyingi katika mkojo, na mara nyingi figo hushindwa katika miezi ya mwanzo. Jeni inayohusika ilitambuliwa mwaka 2004. Badiliko la kolajeni likikosekana, madhara hukawia. Daktari Cecil Alport, mzaliwa wa Afrika Kusini, aliieleza mwaka 1927 familia ambayo watu wake walikuwa na damu katika mkojo na uziwi, na wanaume waliugua vibaya kuliko wanawake. Mwaka 1990 kasoro ilionekana katika jeni ya mnyororo wa tano, iliyo katika kromosomu ya X. Mwanamume ana kromosomu hiyo moja tu, hana akiba. Kolajeni ya utotoni hubaki kazini, huvumilia shinikizo la damu kwa miaka, kisha huchakaa. Minyororo hiyohiyo hutumika katika sikio la ndani, na ndiyo sababu ya uziwi.

Hakuna dawa inayorudisha mnyororo uliokosekana. Dawa za shinikizo la damu za jamii ya ramiprili, zikianzwa mapema, hupunguza nguvu inayousukuma utando na huahirisha kushindwa kwa figo kwa miaka kadhaa. Kwa hiyo, mvulana mwenye damu katika mkojo ambaye mjomba wake alipoteza usikivu na figo angali kijana anastahili kupimwa mapema, hata kama hajisikii mgonjwa.