Je, Wajua? Maumivu Hukamilika Ubongoni

Ukijikwaa na kuumiza kidole cha mguu, maumivu huja mara mbili: kwanza mchomo mkali, kisha, baada ya kitambo kifupi, uchungu mzito unaopwita. Sababu ni kwamba taarifa hupita katika nyuzi za neva za aina mbili. Zile zilizovikwa ala ya mafuta huisafirisha kwa mita 5 hadi 30 kwa sekunde. Zile nyembamba zisizo na ala, kwa mita 2 au pungufu. Zote huingia kwenye uti wa mgongo, na hapo, kama walivyoeleza watafiti Ronald Melzack na Patrick Wall mwaka 1965, taarifa inaweza kupunguzwa kabla ya kufika ubongoni. Nadharia yao imerekebishwa tangu hapo, lakini msingi wake umesimama: ndiyo maana kusugua palipoumia hutuliza kweli.

Basi maumivu ni mawazo tu? Hata kidogo. Aliyekatwa mguu huweza kuumwa na kidole ambacho hakipo tena, na maumivu hayo ni halisi, kwa kuwa ubongo ndio unaoyaunda. Mgonjwa anayeumwa bila kidonda kuonekana asiambiwe anajifanya, asikilizwe, atibiwe.