LINDA MGONGO WAKO: PUNGUZA MZIGO KABLA YA KUUINUA



Jumatatu asubuhi disponsari haikosi mtu anayetembea upande-upande, mkono mmoja kiunoni. Nikimuuliza kama alianguka, hujibu: "Hapana, mganga, niliinama tu, nikasikia kitu kimekatika." Wengine hata hawakuumia shimoni. Waliumia Jumapili ufukoni Swima, wakishusha mifuko ya sementi kutoka mtumbwini. Mgongo wa kazini ndio huo huo wa nyumbani.

Ni nini kinachoumia?

Mifupa hushikanishwa na kano kwenye viungo, na misuli ndiyo inayoivuta. Mguu ukipinduka juu ya jiwe, kano huvutwa kupita kiasi: mtu ameteguka. Msuli nao ukivutwa kupita nguvu zake, nyuzi zake huchanika. Mara nyingi kosa si la mzigo mmoja. Ni mizigo ya siku nyingi, na ule wa mwisho umekuta msuli umechoka.

Mgongo hufanya kazi kama mtaimbo. Chukua bido la maji la lita 20, yaani kilo 20. Ukilishika mbali, sentimita 40 kutoka uti wa mgongo, misuli ya nyuma, iliyo sentimita 5 tu kutoka hapo, lazima ivute mara 8 zaidi: nguvu ya kilo 160! Lisogeze hadi sentimita 20, na nguvu hiyo hushuka kuwa kilo 80. Na bado hatujahesabu uzito wa kifua na kichwa chako unapoinama.

Mzigo kwanza, mgongo baadaye

Tumezoea kuambiwa: "Piga magoti, nyoosha mgongo." Shauri hilo si baya. Lakini uchunguzi wa nchi nyingi umeonyesha kwamba kufundisha watu namna ya kuinua, peke yake, hakupunguzi maumivu ya mgongo. Kinachosaidia zaidi ni kubadili kazi yenyewe. Kwa hiyo neno hili ni la mashefu wa ekipe pia, si la wabebaji peke yao.

Mwaka 1967 Shirika la Kazi Duniani lilishauri mwanaume mzima asibebeshwe zaidi ya kilo 55, na wanawake na vijana wabebe pungufu sana. Hicho ni kikomo, si kipimo cha kila safari. Huko Uingereza washauri wa usalama hutaja kilo 25 kwa mwanaume na 16 kwa mwanamke, mzigo ukiwa karibu na kiuno. Ndoo ya lita 20 iliyojaa mchanga wenye maji hupita kilo 35!

Basi tufanye hivi:

1. Gawa mzigo. Jaza mfuko nusu, uende safari mbili. Haba na haba hujaza kibaba.
2. Tumia toroli popote njia inaporuhusu. Ondoa mawe na tope njiani kabla ya kuanza.
3. Weka mifuko juu ya meza ya mbao, kimo cha kiuno, usiirundike chini.
4. Mzigo mkubwa ubebwe na wawili wenye kimo kinacholingana. Mmoja ahesabu: moja, mbili, tatu!
5. Shika mzigo karibu na tumbo. Ukitaka kugeuka, geuza miguu, usipinde kiuno.
6. Badilishaneni: anayebeba apate zamu ya kazi nyepesi.

Mama wanaobeba kuni na muhogo kwa kamba ya kipaji, shingo zenu nazo huchoka. Punguzeni mzigo, na mpumzike njiani.

Ukiumia

Acha kazi hiyo mara moja, umwambie shefu. Kiungo kilichoteguka kipumzishwe, kipozwe kwa kitambaa cha maji baridi, kifungwe bila kukazwa sana, kiinuliwe juu ya mto. Siku mbili za kwanza usikikande kwa maji moto wala kukisugua kwa nguvu. Kama huwezi kukanyaga hatua nne, au kiungo kimepinda, huenda mfupa umevunjika: njoo haraka.

Mgongo ukiuma, usilale kitandani wiki nzima. Tembea polepole, ongeza kidogo kila siku. Lakini mguu ukilegea, au mapajani kwa ndani kukifa ganzi, au mkojo ukikataa kutoka au ukitoka wenyewe, hiyo ni hatari: nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata usiku.

Wengi huficha maumivu wakiogopa kuitwa wavivu, kisha hulala nyumbani mwezi mzima, na watoto wanakosa. Asemaye mapema hurudi kazini mapema.

Ndugu, mfuko unaweza kungoja safari ya pili. Mgongo hauuzwi sokoni!