Kabla ya Kubomoa Nyumba

Sogeeni karibu na redio, na madaftari yawe wazi, maana mwisho wa somo kuna maneno ya kuandika. Leo tutazungumza juu ya kubomoa nyumba ya kukaa watu, kama kazi hiyo ilivyo kwetu Karagwe na Kyerwa.

Mnaikumbuka tarehe 10 Septemba 2016. Ilikuwa Jumamosi, alasiri, ardhi ilipotetemeka Kagera. Wataalamu walipima nguvu ya tetemeko lile wakapata 5.9. Kitovu chake kilikuwa karibu na Nsunga, wilaya ya Missenyi, lakini hata huku kwetu nyumba ziliharibika. Watu zaidi ya 15 walifariki katika mkoa. Sasa, nyumba iliyoanguka haina swali tena. Swali liko kwa ile iliyobaki imesimama na ufa. Mwenyewe huziba ufa kwa udongo, akapaka chokaa, akaendelea kulala humo. Chokaa huficha ufa, haiushiki ukuta.

Utajuaje kwamba ufa ni wa hatari? Ufa mwembamba kama unywele, ulio katika lipu tu, si kitu kikubwa. Lakini ukipita katikati ya tofali, au kidole kikiingia, mwite fundi. Chukua pia uzi, ufunge jiwe, uuning'inize kutoka juu ya ukuta. Uzi husimama wima siku zote. Ukuta ukiwa umeuacha uzi, basi umeinama. Fundi akisema nyumba haifai, ihameni kwanza, kisha mpange kubomoa.

Na hapa ndipo penye kosa kubwa. Watu hufikiri kujenga kunataka fundi, bali kubomoa kunataka nguvu tu. Vijana huitwa, sururu huletwa, nao huanza kuchimba ukuta chini ili uanguke mara moja. Ukuta hauambii mtu utaangukia upande gani! Tofali iliyojengewa udongo hustahimili uzito unaotoka juu, lakini haiwezi msukumo wa kando. Kwa hiyo nyumba hubomolewa kinyume cha ilivyojengwa: kilichowekwa mwisho hutolewa kwanza.

Anzeni na paa. Ng'oeni kofia, kisha mabati ya juu, mkishuka mpaka ya chini, maana bati la juu limelalia la chini. Fanyeni kazi hiyo asubuhi kabla ya upepo. Bati likishikwa na upepo humchukua mtu pamoja nalo. Mtu asikanyage mbao iliyoliwa na mchwa. Baada ya mabati, teremsheni mbao za paa.

Paa likiisha kutoka, kuta zimebaki peke yake, kwa sababu paa ndilo lililozifunga pamoja. Hasa uogopeni ule ukuta wa pembetatu ulio kichwani mwa nyumba. Ni mrefu kuliko wote, na sasa hauna wa kuushika. Uteremsheni siku ile ile, tofali kwa tofali kutoka juu, mkisimama juu ya jukwaa imara, si juu ya ukuta wenyewe. Kama umeinama sana, msiupande. Mwachieni fundi aamue. Watoto wakae mbali, mara mbili ya urefu wa ukuta. Ukuta wa meta 3, watoto meta 6. Wazee wetu waliokaa katika msonge wa miti na majani hawakuwa na shida hii; uzito wa msonge si uzito wa tofali.

Wakati gani unafaa? Kiangazi, Juni mpaka Agosti, kwa kuwa tofali mbichi ikinywa maji huwa nzito na laini. Lakini kiangazi ndicho wakati wa kahawa pia, na jirani unayemtegemea yuko shambani kwake. Basi semeni naye mapema, na mtafute mahali pengine pa kuanika.

Kabla ya siku yenyewe, kaeni na jamaa wote wenye haki katika nyumba ile, mkubaliane. Mwambieni mwenyekiti wa kitongoji. Na walio katika miji kama Kayanga waulize ofisi ya halmashauri kama kibali kinatakiwa. Jengeni kibanda cha kulala kwanza. Toeni vyombo, mbegu, na karatasi za kiwanja. Umeme wa Tanesco ukatwe na Tanesco wenyewe. Mwenye sola afunike kioo chake kwa blanketi, kwani jua likikipiga hutoa umeme hata kama taa zimezimwa. Shimo la choo liwekewe alama, na makaburi yaliyo kando ya migomba yazungushiwe miti ili kifusi kisiyafikie.

Misumari yote iokotwe jioni. Msumari wenye kutu ukimchoma mtu mguu, aoshe kidonda, aende zahanati siku hiyo, kwa ajili ya pepopunda.

Sasa andikeni: ufa, nyufa, ukuta, kuta, uzi, nyuzi. Kisha pimeni ukuta mrefu wa nyumba yenu, mwandike kwa tarakimu: watoto wangekaa umbali wa meta ngapi? Leteni madaftari kwa mwalimu wenu wa darasa. Kwaherini.