BAISIKELI YANGU NA NJIA ZA KWETU

Hapa shuleni wako wengi wanaokuja kwa baisikeli, na karibu wote hujaza upepo kwa namna moja tu, Januari hata Desemba. Hupiga pampu mpaka tairi liwe kama jiwe, kisha huenda zao. Nami nilikuwa hivyo hivyo mpaka siku nilipovunja mayai ya mama.

Mama hufuga kuku kijijini kwetu, upande wa Mbozi. Jumamosi moja ya Desemba 2023 alinipa trei mbili, yaani mayai 60, niyapeleke sokoni Tunduma. Fedha zake zilikuwa za sare ya mdogo wangu aliyekuwa anaingia Kidato cha Kwanza. Usiku ule mvua ilikuwa imenyesha, na udongo wetu mwekundu ukilowa huteleza kama sabuni. Kwenye mteremko wa mwisho kabla ya barabara ya lami, gurudumu la mbele lilikwenda kushoto na mimi nikaenda kulia. Yalivunjika mayai 41. Mama hakusema neno. Aliyahesabu yale 19 yaliyosalia, akayafunika kwa ungo.

Fundi mmoja wa kando ya barabara, pale Mpemba, ndiye aliyenifungua macho. Alibonyeza tairi kwa kidole gumba, akaniuliza, "Kijana, hili umelijazia lami au matope?" Sikuwa na jibu.

Maana yake ni hii. Tangu John Boyd Dunlop alipotengeneza tairi la upepo kwa baisikeli ya magurudumu matatu ya mtoto wake huko Belfast, akalisajili mwaka 1888, mpanda baisikeli ameweza kuchagua tairi lake liwe gumu au laini. Tairi gumu hugusa ardhi mahali padogo tu. Juu ya lami hiyo ni faida, kwa kuwa halijikunji sana linapozunguka, na nguvu za miguu hazipotei bure. Juu ya matope ni hasara. Hapo yafaa kupunguza upepo kidogo, tairi lilale, lipate mahali pa kushika.

Mchanga wataka laini zaidi. Nilijionea mwenyewe kwa mjomba wangu Kamsamba, katika tambarare ya Ziwa Rukwa, nilikopeleka baisikeli juu ya basi. Siku ya kwanza niliisukuma kuliko nilivyoipanda. Nilipotoa upepo, tairi likaacha kuzama.

Lakini msizidishe! Tairi laini mno, lenye mzigo nyuma, likigonga jiwe hubana mpira wa ndani kwenye rimu, nao hutoboka matundu mawili yaliyo sambamba, kama alama ya meno ya nyoka. Ukiona pancha ya namna hiyo usiulaumu mwiba.

Wakati wa masika mimi huvua lile bati la mbele la kuzuia matope. Nguo huchafuka, ni kweli, na mwalimu wa zamu hajapendezwa, lakini udongo wetu hujaa kati ya bati na tairi mpaka gurudumu likatae kuzunguka. Breki nazo, zikilowa, hazishiki mara moja. Yakupasa kuanza kuzibana mapema zaidi kuliko siku ya jua. Mnyororo hutaka mafuta mengi wakati wa mvua, na machache wakati wa vumbi: pakaa, kisha futa kwa kitambaa, la sivyo vumbi hugandamana na mafuta na kuula mnyororo.

Hata lami si ya kuaminiwa siku zote. Pale Tunduma malori hupanga foleni ya kuvuka mpaka, na mafuta hudondoka chini. Mvua ya kwanza ikinyesha juu yake, barabara huteleza kupita hata mteremko wa kwetu. Hapo mimi hushuka, nikakokota.

Siku hizi pampu hukaa imefungwa kwenye baisikeli. Nyumbani naondoka na tairi laini kiasi. Nikifika lami nasimama, najaza. Dakika tano tu.

Jumamosi iliyofuata baada ya ajali, mama alinipa trei moja. Nilimrudishia fedha ya mayai 30. Trei ya pili alinipa baada ya majuma matatu.