'Inasemekana' haina mwenyewe: Tahadhari tunapoandika wasifu wa walio hai

MAJUZI mwanafunzi wangu wa uzamili aliniletea rasimu ya makala ya kamusi elezo ya mtandaoni kuhusu mwanahabari mmoja maarufu ambaye yu hai. Masomo yake, vituo alivyofanyia kazi, tuzo. Yote yalikuwa sawa. Kisha nikakumbana na sentensi hii: "Inasemekana alifutwa kazi kwa kupokea hongo."

"Nani kasema?" nikamuuliza.

"Lakini Prof, kila mtu anajua!"

Hapo ndipo penye shida. Kitenzi 'semekana' kimo katika kauli ya kutendeka, na kauli hiyo haimpi mtenda nafasi. Twaweza kusema 'imesemwa na mahakama', ila hatusemi 'inasemekana na mahakama'. Kwenye gumzo la kijiweni si neno. Katika kamusi elezo, huo ni uvumi uliovishwa joho la usomi.

Yaliyompata John Seigenthaler, mwanahabari wa Marekani aliyewahi kuwa msaidizi wa Robert Kennedy, yanatosha kuwa funzo. Mnamo Mei 2005, mtu asiyejitambulisha aliandika kwenye Wikipedia kwamba kwa muda fulani Seigenthaler alidhaniwa kuhusika katika mauaji ya Rais John Kennedy na nduguye Robert, japo hakuna kilichothibitishwa. 'Alidhaniwa' na nani? Kauli ya kutendwa humruhusu mtenda atajwe. Mwandishi hakumtaja kwa kuwa hakuwapo. Uongo huo ulikaa takriban miezi minne. Mzee huyo wa miaka 78 alilazimika kujitetea katika gazeti la USA Today. Aliyeuandika alikuja kukiri kuwa ulikuwa mzaha tu.

Leo kanuni za Wikipedia kuhusu watu walio hai zasema dai lenye utata lisilo na chanzo cha kuaminika liondolewe mara moja, liwe la kuchafua au la kupamba.

Naam, hata la kupamba. 'Wasifu' na 'sifa' ni maneno ya asili moja ya Kiarabu, yenye maana ya kueleza kitu kilivyo. 'Mwanahabari shupavu asiye na kifani' nayo ni kauli isiyo na mwenyewe.

Je, tufiche mabaya? La hasha. Mahakama ikimhukumu, au mwajiri akitangaza hadharani sababu ya kumfuta, andika: nani kasema, lini, na mhusika alijibu nini. Ndoa, watoto na maradhi yake tuyaache, ila kama yanagusa kazi yake na yeye mwenyewe ameyaweka hadharani. Tena mwanahabari huwaudhi wakubwa. Uvumi dhidi yake huenda ukawa kisasi cha aliowaanika.

Mwanafunzi wangu alirudi maktabani akapekua magazeti ya wakati huo. Alichopata ni taarifa moja tu: mwanahabari yule alijiuzulu. Hongo haikutajwa popote. Ati karibu tumwite mla rushwa, tena kwa Kiswahili sanifu!